Saluni ya kiume nyuma ya soko, Magomeni: kwa wenye shingo isiyotulia

Nina hali ya kushtuka-shtuka iitwayo Tourette. Shingo yangu hurukia kulia yenyewe, macho yanapepesa, na kooni hutoka mlio kama wa mtu anayekohoa kidogo. Ilianza nikiwa na miaka 7. Bibi alisema ni shetani, nikafukizwa ubani mpaka sare za shule zikanuka. Kumbe ni mambo ya ubongo, na hayaambukizi. (Na situkani watu, msiniulize. Wanaotokwa na matusi ni wachache kati yetu.)

Sasa niweke mimi na wembe mahali pamoja. Saluni niliyokuwa nikienda zamani, fundi alinishika kichwa kama dafu linalosubiri panga: "Tulia basi, mtu mzima wewe!" Nilitoka na chale juu ya sikio. Kujizuia naweza, ila kama unavyozuia chafya. Ikitoka hutoka kwa nguvu zaidi.

Huyu wa Magomeni nilimweleza kabla sijakaa. Akauliza, "Ikitaka kuja, unaijua?" Naijua. Kuna mvutano unaanza chini ya sikio, kama mwasho. "Basi kaka, ukiusikia nyanyua kidole." Nikinyanyua, mashine inatoka kichwani, shingo inafanya yake, tunaendelea. Laini ya mbele anaichonga kidogo kidogo, kiganja cha kushoto kimelala utosini bila kubana. Wembe kwangu hatumii kabisa, anamalizia na mashine ndogo.

Kasoro zipo. Spiriti yake inawasha balaa, na Jumamosi foleni ni ndefu, spika inapiga kelele. Mimi nikichoka mishtuko huzidi. Nendeni Jumanne asubuhi. Bei ni 5,000, na ingawa kichwa changu kinamla muda mara mbili ya vingine, hajaniongezea hata mia.

Juzi mteja mmoja alinikodolea macho kwenye kioo. Fundi, bila kuinua uso: "Tim Howard, yule kipa Mmarekani wa zamani wa Everton, anayo hiyo hiyo." (Nilimwambia mimi.) Jamaa akadakia kwamba Howard alitokea Manchester United, mwingine akasema pale hakufanya kitu, benchi zima likalipuka. Mimi nikasahaulika. Ndevu zote zilikwisha kidole changu kikiwa bado juu ya paja.