Mfuko wa kunyonya hewa kwa mifarishi ya mkono: uzoefu wangu hapa Lamu

Huu ni mfuko wa plastiki unaotolewa hewa kwa pampu ili kilicho ndani kibanwe. Nimeutumia kwa mifarishi ya viraka vya leso, yenye pamba ndani, iliyoshonwa kwa mkono. Kwa kuhifadhia naupa nyota 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za kazi ambayo haikuandikwa kwenye pakiti.

Mfuko wenyewe si mbovu: plastiki nene, zipu mbili, vali ya pampu. Ila mchanga ukiingia kwenye zipu, na huku mchanga haukosi, hewa hurudi taratibu na asubuhi unaukuta umefura. Ifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga.

Balaa liko ndani. Poliesta ikibanwa miezi mingi, ukiikung'uta hunyanyuka tena. Pamba hugandamana na haifufuki yote. Mikunjo huwa mikali, na uzi huanza kukatika hapo hapo kwenye mkunjo.

Kisha kuna unyevu. Mfarishi uliosuuzwa kwa maji ya kisima yenye chumvi huonekana mkavu mchana, lakini jioni ukiupapasa unashikana na kiganja, kwa sababu chumvi iliyobaki inavuta unyevu wa hewani. Ukiufungia hivyo ndani ya plastiki, unyevu hauna pa kutokea. Unafungua na kukuta madoa ya ukungu. Kwa hiyo maji ya mwisho yawe ya mvua, na mfarishi uanikwe kivulini ukiwa umelazwa, usitundikwe. (Sabuni ya kipande kwenye maji ya chumvi ni hasara tupu, inaacha utando mweupe kwenye mishono. Tumia ya maji.)

Mfuko huu unang'aa kwenye friza. Ukishuku wadudu, weka mfarishi mkavu kabisa, toa hewa kiasi tu, ugandishe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa usiufungue mpaka upate joto la chumba, siku nzima hivi, ili umande ufanyike nje ya plastiki na si juu ya leso. Ukungu lakini haufi kwa baridi, unalala tu. Mfuko pia unafaa kwa safari ya boti kutoka Mokowe, maji ya bahari yakiruka.

Kwa kukaa muda mrefu, shona mfuko wa marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi), uufue kwanza utoe wanga, maana wanga ndio chakula cha wadudu. Viringisha mfarishi, upande wa viraka ukiwa nje. Ukilazimika kukunja, tia shuka nyeupe iliyoviringishwa ndani ya kila mkunjo na ubadilishe mikunjo kila baada ya miezi michache. Kwenye kasha, tandika kitambaa kwanza. Mbao tupu hutia madoa ya kahawia.

Ukinunua mfuko wa plastiki, chukua wa pampu ya mkono. Mashine ya kufyonza vumbi inabana kupita kiasi kabla hujawahi kuizima.