Beringi za FYH UCP208 kwenye mashine ya kusaga

Wenye mashine za kusaga na kukoboa, beringi hizi za FYH UCP208 nawapendekezea kwa moyo wote. Ni za Kijapani, nimezifunga kwenye shafti ya milimita 40. (Kuanzia 204, saizi utaijua kwa kuzidisha tarakimu mbili za mwisho mara 5: 208 ni 40, 206 ni 30.) Ninachokipenda zaidi ni mgongo wa beringi, umeviringwa kama mpira, hivyo fremu ikipinda kidogo inajipanga yenyewe ndani ya nyumba yake (kile chuma cha nje kinachofungwa kwenye fremu) na shafti haibani. Za bei rahisi nilizouziwa duka moja kabla ya hizi, skrubu mbili za kukazia zililegea, shafti ikawa inazunguka peke yake ndani ya beringi mpaka ikalika. Hizi zimeshika. Bei imechangamka kweli, lakini kuchongesha shafti upya ni ghali zaidi.

Grisi napiga kidogo kidogo huku nikizungusha shafti kwa mkono. Ukishindilia, sili (kizibo cha pembeni kinachozuia vumbi) inatoka na vumbi la unga linaingia. Dukani izungushe kwa kidole kwanza. Ikikwaruza, usiichukue.