Matairi mapya ya semi, Barabara ya Mandela: balansi safi, nati zinahitaji macho yako

Gereji hii ya matairi iko pembeni mwa Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, upande wa Tabata, na uwanja wake unapokea kichwa na trela bila kuvitenganisha. Kazi inayopimwa hapa ni kufunga matairi kumi mapya ya 315/80R22.5 kwenye kichwa, mawili ya mbele na manane ya difu (ekseli za nyuma zinazosukuma gari), pamoja na balansi ya mbele, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu. Nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopotea imepotelea kwenye nati.

Ubora wao unaonekana kabla tairi jipya halijaguswa. Rimu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka kutu yote inatoka pale ukingo wa tairi unapokaa, kisha inakaguliwa kuzunguka matundu ya bolti. Ufa hapo mara nyingi hujitangaza kwa mstari wa kutu unaochirizika kutoka kwenye tundu. Rimu ya namna hiyo wanaitenga na kukataa kuifunga, hata mwenye gari akiomba ichomelewe. Wapo watakaoona ni usumbufu, lakini rimu ya lori iliyochomelewa ni hatari kwa fundi anayeijaza upepo kuliko hata kwa dereva.

Kulainisha ukingo wanatumia mafuta maalumu ya kufungia, yale mazito meupe. Ukikuta fundi popote mjini anachovya brashi kwenye oili chafu au grisi, mzuie: mafuta hayo hula mpira, na kwa kuwa hayakauki, tairi linaweza kujizungusha ndani ya rimu breki zikishikwa kwa nguvu. Bora hata maji ya sabuni.

Upepo unajazwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu unaojishikiza wenyewe kwenye valvu, fundi akiwa pembeni na si mbele ya tairi. Tairi likishakaa, wanaangalia ule mstari mwembamba wa duara karibu na rimu. Nafasi kati ya mstari na rimu lazima ilingane mzunguko mzima. Mstari ukizama upande mmoja, upepo unatolewa wote, mafuta yanapakwa tena, kazi inaanza upya. Kuongeza upepo ili tairi “lijirushe lenyewe” ndiko kunakoua mafundi. Kwa tairi la saizi hii lenye alama ya uzito 156/150, kiwango cha juu ni bar 8.5, karibu psi 123, na hapo linabeba kilo 4,000 likiwa peke yake au 3,350 kila moja yakiwa mapacha, yaani mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Lililotoka safari likisoma juu, usilipunguze.

Jambo moja dogo: usipodai, wanarudisha valvu ya zamani. Nunua mpya zote kumi. Raba ya chini ya valvu ikichoka huvujisha taratibu, na kwenye tairi la ndani la mapacha hutagundua mpaka limeungua.

Sasa balansi, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kuja hapa. Tairi na rimu yake ni zaidi ya kilo 100, kwa hiyo mashine ya magari madogo haifai kabisa. Wanayo ya malori, na wanayo koni inayokamata tundu la katikati la rimu, milimita 281 kwa rimu hizi za bolti kumi. Koni isipokaa sawasawa, mashine inasoma uongo. Namna ya kuihakikisha ni rahisi na wanaikubali ukiomba: baada ya kusoma, wafungue, wageuze rimu nusu duara kwenye mashine, wasome tena. Uzito na mahali pake vikibadilika sana, kosa liko kwenye ufungaji, si kwenye tairi. Na mashine ikidai risasi (vipande vya uzito vinavyogongelewa kwenye rimu) za gramu 500 au zaidi, hawakimbilii kuzigongelea. Wanatoa upepo, wanazungusha tairi nusu duara juu ya rimu, wanapima upya. Mara nyingi uzito unaodaiwa hushuka. Tairi likiwa na nukta ya njano, huanza nayo kwenye valvu, maana hapo ndipo tairi ni jepesi.

Difu hawakubalansi, na tunakubaliana nao kwa lori la mizigo. Mtetemo unaosumbua usukani kwenye kilomita 70 hadi 80 kwa saa huanzia mbele. Ila balansi haitibu rimu iliyopinda, beringi iliyolegea wala kingipini iliyokwisha, ile pini ambayo gurudumu la mbele huzungukia linapokata kona. Wakikuambia gurudumu linacheza kwenye jeki, waamini, tengeneza kwanza, la sivyo kashata (meno ya tairi) mpya zitaliwa madoa madoa.

Kwenye mapacha, valvu mbili wanazipanga pande tofauti za duara, moja mkabala na nyingine, ili ya ndani ifikike. Safi.

Nati ndizo zenye walakini. Mbele wanakaza vizuri: wanasafisha uso wa habu (kitovu ambacho rimu hufungwa), wanaanza kwa mkono, wanakwenda kwa kupishana kama nyota, kisha wanamaliza kwa spana ya kupimia nguvu. Nyuma, foleni ikiwa ndefu, mashine ya upepo inamaliza kila kitu. Nati za M22 kwenye rimu hizi huhitaji karibu Nm 600, na mashine ya upepo haikuambii imefika wapi. Ikizidi, bolti inavutika na kukatika baadaye, na ikipungua, rimu inakula matundu yake. Simama pale nyuma mpaka nati ya mwisho, na uangalie pia kama rangi nene au kutu imebaki kati ya rimu na habu, kwa kuwa rangi ikisagika nati hulegea zenyewe.

Kukaza upya ni baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa anayepanda Barabara ya Morogoro, hapo ni maeneo ya mizani ya Vigwaza, na utingo mwenye spana sahihi anamaliza kabla ya Chalinze.

Fika asubuhi mapema. Kabla ya kulipa soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) wanatoa, lakini waombe waandike na namba za kila tairi kwenye karatasi ya kazi, kwa sababu duka likikuuliza tairi gani lilipasuka, utahitaji kuonyesha ndilo hilo walilokufungia.