Pedi za seramiki na diski mpya za mbele: nzuri, ila pima diski kabla hujanunua pedi peke yake

Hizi breki nimeshazitumia vya kutosha sasa, mvua na jua, foleni na mteremko, gari ikiwa tupu na ikiwa imejaa watu na mizigo, kwa hiyo naweza kuzisemea. Ni seti ya mbele, pedi nne za seramiki na diski mbili za kupitisha hewa katikati, zile ambazo sehemu zisizosuguliwa na pedi zimepakwa rangi ya kijivu ya kuzuia kutu. Naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyokatwa nitasema imeenda wapi.

Kwanza niseme kwa nini sikununua pedi tu, maana hili ndo watu wengi wanakwama. Pedi za zamani zilianza ule mlio mwembamba wa chuma ukikanyaga breki taratibu. Ule mlio umewekwa makusudi wakuu, pedi nyingi zina kibati kidogo pembeni ambacho pedi ikibaki kama milimita 2 au 3 kinaanza kugusa diski na kulia ili ushtuke. Pedi mpya kwa kawaida ina lainingi, yaani ile nyama inayosugua diski, ya kama milimita 10 mpaka 12, na hapo usihesabu lile bati la nyuma, wapo wanaopima na bati humohumo halafu wanasema bado ipo nyingi. Ikifika 3 tafuta nyingine. Ikiisha kabisa unasikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, breki inapungua nguvu na diski inachimbwa mifereji kwa muda mfupi sana, kwa hiyo aliyekuwa anabana hela ya pedi anaishia kulipia vyote.

Tulipofungua tairi ndo nikaona kitu ambacho ningependa kila mwenye gari akione. Pedi ya nje, ile unayoweza kuichungulia kwenye matundu ya rimu, ilikuwa bado ina nyama ya kutosha kabisa. Ya ndani imekwisha, tena imeliwa mshazari, upande mmoja mnene mwingine mwembamba. Sababu ni kwamba magari mengi yana kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski) ya kutembea, pistoni inasukuma pedi ya ndani halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake ili kuivuta ya nje, sasa pini zikikauka grisi au zikashika kutu kalipa haitelezi vizuri, ya ndani inabaki ndo inafanya kazi kubwa. Ndo maana kuchungulia kwenye rimu hakutoshi, tairi itoke, na pini zisafishwe zipakwe grisi ya silikoni inayovumilia joto, maana ile ya kawaida inavimbisha mpira wa pini na inakwama upya. Fundi akikufungia pedi mpya bila kugusa pini, hizo mpya nazo zitaliwa hivyohivyo.

Sasa diski, hapa ndo pana maneno. Kila diski imeandikwa unene wa mwisho, tafuta maandishi MIN TH ukingoni au kwenye ile sehemu ya katikati, na kama yameliwa na kutu kitabu cha gari kitakwambia. Zangu zilianza maisha na milimita 25 na mwisho wake ni 23. Ni milimita 2 tu hizo, 1 kila upande, ndo maana kwa macho huwezi kujua kitu. Zikapimwa kwa mikrometa, kile kifaa cha kupimia unene mdogo, zikasoma 23.2 sehemu moja, 23.1 sehemu nyingine. Mtu anaweza kusema bado zipo juu ya kipimo, funga pedi tuondoke, na ni kweli kwa siku hiyo, lakini pedi mpya itakaa hapo muda mrefu na diski itavuka 23 kabla hata pedi haijafika nusu, halafu utaendesha na diski iliyopitiliza huku ukijiambia breki ni mpya. Kuskimu, yaani kuchonga uso wa diski uwe sawa, nako hakukuwezekana, ukitoa kidogo tu kila upande umeshashuka chini ya kipimo. Kama zingesoma 24.3 hivi na uso wake ni laini hauna mifereji wala nyufa, ningefunga pedi peke yake bila wasiwasi wowote, sio kila pedi mpya inadai diski mpya, na anayekulazimisha bila kupima mwambie apime kwanza mbele yako.

Halafu wanaopima kwa venia ya kawaida, ile rula ya midomo miwili, waangalie, diski iliyoliwa inabaki na ukingo mnene pembeni, mdomo wa venia ukikaa juu ya ule ukingo unakusomea unene ambao haupo. Pima sehemu pedi inaposugua, na upime sehemu kadhaa kuzunguka.

Wembamba una shida gani? Joto. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na diski ndo inalibeba kabla hewa haijalipoza, chuma kikipungua joto linapanda haraka, kwenye mteremko mrefu pedi zinachoka unakanyaga gari haikamatwi kama mwanzo, na diski nyembamba inapasuka kirahisi zaidi. Ukiona madoa ya bluu au nyufa zinazofika ukingoni, usipime tena, toa.

Nimeulizwa pia kuhusu kutetemeka, ile ukikanyaga breki kwenye spidi usukani unacheza au pedali inapiga mguu. Watu wanasema diski imepinda. Mara nyingi tatizo ni unene usiolingana kuzunguka diski, au lainingi imegandia sehemu moja zaidi ya nyingine, na chanzo chake kinaweza kuwa kutu tu kwenye habu, kile kitovu diski inapokaa, diski mpya ikakaa juu ya kutu ikawa inayumba kidogo. Kidogo ninachosema hapa ni kidogo kweli, magari mengi yanataka diski isiyumbe zaidi ya kama milimita 0.05. Kwa hiyo kabla ya kufunga hizi, habu ilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, na nati za tairi zikakazwa kwa mpangilio wa kuruka, moja kisha ya upande wa pili, kwa spana inayopima nguvu, sio kwa kukanyagia. Mpaka leo usukani umetulia kabisa.

Haya, zinafanyaje kazi. Ukimya ni wa kweli, hazilii, na vumbi kwenye rimu limepungua sana kulinganisha na zile zenye chuma kingi nilizokuwa nazo. Pedali inakamata taratibu na kwa usawa, unajua unachokipata kadri unavyokanyaga. Asubuhi zikiwa za baridi, ule mshiko wa mwanzo ni mdogo kuliko wa zile za chuma, sio hatari, mguu unazoea, ila mtu anayevuta trela au anayeshuka milima na mzigo kila siku mimi ningemwambia achukue zenye chuma, zinavumilia joto vizuri japo zina vumbi, kelele, na zinakula diski zaidi. Kwenye mgongo wa pedi nyingi kuna herufi mbili mwishoni mwa kodi, ya kwanza ni mshiko wa baridi ya pili ni wa joto, kwa kipimo cha msuguano E ni 0.25 mpaka 0.35, F inaendelea mpaka 0.45, G mpaka 0.55. Hizi zangu ni FF, yaani zikipata moto daraja lake halishuki, na kwenye mteremko nimeliona hilo kwa mguu wangu. Ukikuta FE ujue ikichemka inashuka daraja.

Ile rangi ya kijivu nayo imefanya kazi, sehemu ya katikati haina kutu. Pale pedi inaposugua rangi ilitoka kwenye breki za mwanzo kama inavyotakiwa, na kutu jepesi la asubuhi baada ya mvua ni kawaida, linaondoka ukikanyaga breki mara mbili tatu.

Usizikanyage kwa fujo siku ya kwanza. Kabla gari haijatoka ilipo, pampu pedali mpaka iwe ngumu, maana pistoni zimerudishwa nyuma na kanyago la kwanza linaenda mpaka chini. Kisha tafuta barabara tupu, toka spidi 50 shuka mpaka kama 10 kwa kukanyaga wastani, usisimame kabisa, rudia mara nane au kumi hivi, halafu endesha bila kuchezea breki zipoe. Hapo lainingi inajipaka sawasawa kwenye diski. Ukisimama na kubana breki zikiwa za moto inagandia sehemu moja, na ule mtetemo niliousema unaanzia hapo.

Mafuta ya breki nayo yasisahaulike, yanavuta unyevu wa hewani na kiwango cha kuchemka kinashuka, DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 ila ikishanyonya maji kipimo chake cha chini ni 155. Tuliyabadilisha siku hiyohiyo.

Nyota niliyokata: boksi halina waya wa sensa. Gari yangu inawasha taa kwenye dashibodi pedi zikiisha, na ile sensa ikishakwanguliwa hairudi, unanunua nyingine, sasa mtu kashafungua tairi zote mbili ndo anagundua haipo. Vibati vya kushikia pedi vipo lakini ni laini mno, kimoja kilijikunja wakati wa kufunga, tukarudisha cha zamani baada ya kukisafisha. Diski zenyewe na pedi sina lawama nazo, ila ukiagiza seti hii agiza na sensa na vibati vizuri pembeni.