QFileSystemModel au QTreeWidget: mti upi wa folda kwenye programu ya Qt?

Kwa mti wa folda wa kawaida katika Qt (maktaba ya kutengeneza programu zenye madirisha), mimi ningeanza na QTreeView, inayoonyesha mti, iliyounganishwa na QFileSystemModel, inayosoma folda za diski. Unaita setRootPath, kisha setRootIndex, na kazi kubwa imekwisha: diski inasomwa kwenye uzi wa pembeni (thread, yaani kazi inayoenda sambamba na dirisha), dirisha haligandi, na faili mpya ikiongezwa inajitokeza yenyewe. Ila usomaji huo hauishi papo hapo. Ukitaka kuhesabu vilivyomo, subiri ishara ya directoryLoaded. Tena ukichuja kwa setNameFilters, faili zisizotakiwa hufifishwa tu, hazifichwi, mpaka uweke setNameFilterDisables(false). Ni rahisi sana kudhani kichujio kimeharibika.

QTreeWidget haijui lolote kuhusu diski. Kila tawi unalijenga mwenyewe, na kosa baya ni kupitia folda zote mwanzoni: kwenye diski kubwa mtumiaji atasubiri mno. Jaza tawi pale tu itemExpanded inapotokea, na tumia setChildIndicatorPolicy ili alama ya kufungua ionekane kabla ya kujaza. Naichagua pale mti unapochanganya folda na vitu visivyo kwenye diski, kama yaliyomo ndani ya faili ya zip.