Uzoefu wangu: Kujenga nyumba Malindi kwa mkopo wa sacco

Nimelea watoto wawili katika nyumba za kupanga za Maweni na Kisumu Ndogo huku nikifanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya kitalii, na sasa tunaishi kwetu, upande wa Msabaha. Nyumba hii imetokana na mikopo miwili ya sacco (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyakazi, wa kwanza wa ploti na wa pili wa ujenzi. Kwa mzazi mwenye mshahara wa kadiri naipendekeza njia hii, ila ajue mapema kwamba ugumu wake uko kwa wadhamini kuliko kwenye riba.

Benki hazikunifaa, kwa kuwa zilitaka mapato yasiyobadilika mwaka mzima, na ajira ya hoteli hapa hufuata misimu: kaskazi wageni hujaa, na kusi ikianza mwezi wa Aprili hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa kwa muda. Sacco ilitazama akiba yangu, ikanikopesha mara tatu yake. Mkopo wa ujenzi ulikuwa shilingi 600,000 juu ya akiba ya 200,000, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, muda wa miezi 48, na marejesho ya takriban shilingi 15,800 kila mwezi. Kabla ya kutia sahihi hakikisha riba inahesabiwa kwa salio linalopungua. Kwa hesabu hiyo riba yote ya mkopo wangu ni kama shilingi 158,000, ilhali ingehesabiwa kwa kiasi cha awali hadi mwisho ingefika 288,000.

Zile shilingi 400,000 zilizozidi akiba yangu zilipaswa kufunikwa na akiba za wenzangu. Kumwomba mtu akudhamini ni kumwomba afunge fedha alizozitenga kwa karo ya wanawe, na nikishindwa kulipa ni yeye atakayekatwa. Wengine walikataa kwa upole, na siwalaumu. Waliokubali ni wale tuliokuwa tukibadilishana zamu watoto wanapougua, na kila mmoja nilimwonyesha hati yangu ya mshahara, aone kwamba baada ya makato yote ninabaki na theluthi moja inayolindwa na Sheria ya Ajira ya 2007.

Kabla ya ploti nilipata nafasi ya kununua nyumba bila ardhi mjini, yaani jengo liwe langu, nami niendelee kumlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Bei ilivutia sana. Sacco ilikataa kuikopesha kwa sababu haikuwa na hatimiliki, na naona ilinifanyia hisani, kwani eneo hili la pwani lina familia nyingi zilizojenga juu ya ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kwa ploti ya Msabaha, ya futi 50 kwa 100, karani wa mikopo alidai upekuzi rasmi wa ardhi, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, na mpimaji wa kuthibitisha mawe ya mipaka. Ushuru wa stempu, unaolipwa serikalini ardhi inapohamishiwa mnunuzi, ni asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake. Fedha hiyo, pamoja na malipo ya wakili, haimo katika mkopo, kwa hiyo itengwe kando.

Mkopo wa ujenzi ulitolewa kwa awamu: msingi, kuta hadi lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kisha kupaua. Utaratibu huu ulichosha, maana mafundi walisimama wakingoja mkaguzi wa sacco, lakini ulinipa nguvu ya kudai kazi nzuri. Siku lori lilipoleta mchanga, fundi mkuu aliusugua viganjani, akauonja kwa ncha ya ulimi, akautema. “Mama, huu ni wa ufuoni. Chumvi itakila chuma cha nguzo.” Lori lilirudishwa, tukangoja mchanga wa mto Sabaki, ingawa bei yake ilikuwa juu zaidi.

Kuhusu tozo ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara wangu hukatwa, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, tangu sheria ya mwaka 2024. Kulipa tozo hakumpi mtu nyumba. Anayeitaka lazima ajisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa nyumba hizo, na kuomba. Mzazi asiyetaka shughuli za fundi na saruji aifikirie njia hiyo kwa dhati.

Malalamiko yangu kwa sacco ni moja. Katika miezi ya kusi, hoteli ilipotusimamisha bila malipo, niliruhusiwa kufidia marejesho kwa fedha nilizokuwa nimelipa zaidi wakati wa kaskazi, lakini ruhusa hiyo niliiomba upya kila mwaka mbele ya kamati, huku wadhamini wangu wakiishi na wasiwasi. Sacco yenye wanachama wa hotelini inapaswa kuiandika ruhusa hiyo ndani ya mkataba wa mkopo.