Kamera ya mkanda ya mtumba: anza kwenye kifuniko cha betri

Tangu niandike kuhusu kuosha mkanda wa nyeusi na nyeupe nyumbani, malalamiko ninayoletewa yanafanana mno. Mtu kanunua kamera iliyotumika, kaambiwa ni nzima kabisa, hata mita ya mwanga inafanya kazi. Kaweka mkanda, kafuata sindano ya mita kama alivyoelekezwa, na negativu zimetoka nyepesi karibu zote. Ukizichapa, nyuso ni giza na vivuli vimejaa chenga. Anamlaumu aliyeosha, au anaulaumu mkanda. Nikimuuliza ameweka betri gani, ananijibu: "Ile iliyokuja nayo."

Mikwaruzo, ngozi iliyobanduka na ukungu kwenye lenzi nitaviruka leo, kwa sababu kila mnunuzi anavitazama. Betri haitazamwi na mtu, ilhali ndiyo inayoiambia sindano isimame wapi.

Kamera nyingi za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zilitengenezewa betri ya zebaki, PX625, yenye volti 1.35. Uzuri wake ni kwamba volti hiyo haiyumbi mpaka betri inakaribia kufa, kwa hiyo watengenezaji wengi hawakuhangaika kuweka kifaa cha kuidhibiti. Zebaki ni sumu. Marekani ilipitisha sheria dhidi ya betri hizo mwaka 1996, na Mkataba wa Minamata wa 2013 ukaendeleza kazi hiyo duniani. Sababu ni njema na siipingi. Ila kilichobaki madukani chenye umbo lilelile ni betri ya alkali. Soma maandishi madogo mgongoni mwake: ukiona PX625A, V625U au LR9, hiyo ni alkali. Ikiwa mpya ina volti 1.5, kisha inashuka kidogo kidogo kadiri unavyoitumia.

Kwenye nyingi ya kamera hizo, volti ikizidi, sindano inaamini kuna mwanga mwingi kuliko uliopo. Unabana tundu la lenzi au unaongeza kasi ya shata, na mkanda unakosa haki yake. Kosa linaweza kufika stopu moja, yaani mkanda kupata nusu tu ya mwanga unaotakiwa, na kupita. Kibaya zaidi, haliwi sawa kila mahali: juani linaweza kuwa hili na sebuleni likawa jingine, kwa hiyo kubadilisha namba ya ISO, ile ya usikivu wa mkanda, mara moja hakulimalizi. Mkanda wa negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Maelezo ya kivulini yasiponaswa, hakuna fundi atakayeyarudisha.

Kwa kipimo hicho cha betri, hivi ndivyo ninavyozipanga kamera.

Ya kwanza ni Pentax K1000, na nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa Pentax. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa hiyo zipo nyingi na mafundi wanazijua. Inatumia betri moja tu, LR44 au SR44, ambayo fundi saa yeyote anayo. Chukua SR44, ya oksidi ya fedha, kwa sababu volti yake inatulia. LR44 ni alkali nayo inashuka. Shata yake ni ya mitambo, hivyo betri ikifa katikati ya harusi unaendelea kupiga kwa kukadiria. Ina kasoro moja: haina swichi ya kuzima mita. Ukiiacha mezani lenzi ikiwa wazi, betri inaliwa usiku na mchana. Kifuniko cha lenzi hapa ni sehemu ya kamera. Ukiuziwa bila kifuniko, omba upunguziwe bei.

Ya pili ni Pentax Spotmatic ya mwaka 1964. Najua wengi wataniuliza kwa nini kamera ya zamani hivyo iitangulie Nikon. Mita yake imejengwa kwa saketi ya daraja: sindano inaonyesha mizani kati ya pande mbili, na volti ikipanda au kushuka inazigusa pande zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo betri ndogo ya fedha ya saa, ukiibana vizuri isicheze, inatoa kipimo sahihi ingawa kamera ilizaliwa enzi ya zebaki. Wahandisi wale walifikiria mbali, na nawaheshimu sana kwa hilo. Zizoee lenzi zake za Takumar za kufunga kwa kuzungusha, na uzoee pia kusukuma swichi ya pembeni kabla ya kupima, ambapo picha unayoiona kwenye kitundu cha kutazamia inakuwa hafifu.

Ya tatu ni Nikon FM ya 1977. Betri mbili za SR44, shata ya mitambo, na taa ndogo nyekundu badala ya sindano. Mita haiwaki mpaka uvute mkono wa kusogezea mkanda utoke kidogo nje, jambo linalowakera wanaotazama kwa jicho la kushoto kwa sababu mkono huo unawachoma usoni. Ni kamera bora, imara kwelikweli. Ila jina la Nikon limewapandisha wauzaji vichwa. Kamera yenye sponji za kuzuia mwanga zilizogeuka lami mlangoni na kitundu chenye vumbi inatajiwa bei kana kwamba imetoka kwa fundi jana.

Kisha lipo kundi zima la zebaki: Olympus OM-1 ya 1972, Minolta SR-T 101 ya 1966, Canon FTb ya 1971. OM-1 ni ndogo na nyepesi, na kitundu chake ni kikubwa cha kupendeza. Sikukatazi, lakini hesabu gharama ya kuitibu kabla hujalipa. Njia safi ni adapta ya MR-9, kipete cha chuma kinachopokea betri ya SR43 na kushusha volti zake mpaka 1.35. Tatizo ni kwamba lazima uiagize nje, na mzigo mdogo hivyo ukifika na ushuru wake unaweza kulia. Njia ya pili ni fundi wa redio anayejua kazi yake akuchomelee dayodi ndogo, kijifaa cha kushusha volti, kwenye waya wa betri.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: betri ya 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia. Ina takriban volti 1.4, nayo inatulia. Ni nyembamba kuliko PX625, kipenyo chake milimita 11.6 dhidi ya 15.6, kwa hiyo nenda duka la vifaa vya bomba ukatafute oringi ya mpira itakayoizunguka ikae katikati. Bandua kile kikaratasi kilichobandikwa juu yake, iache dakika chache ivute hewa, ndipo uiweke. Ina vitundu vidogo sana upande wa chanya. Usivizibe kwa gundi wala selotepu, maana hewa ndiyo chakula chake. Ikishabanduliwa haizimiki tena. Itakupa wiki kadhaa, pengine miezi, kisha unaweka nyingine.

Canon AE-1 ya 1976 naiweka chini, hata kama kila kijana anaitaka. Inatumia betri ya volti 6, 4LR44, na bila hiyo shata haifunguki kabisa. Fundi saa wengi hawana betri hiyo. Ukisafiri nayo bila ya akiba, umebeba uzito mtupu.

Zenit E ni ya bei nafuu na mita yake ya seleniamu, inayojiendesha kwa mwanga wenyewe, haihitaji betri. Hata mita ikiwa imekufa, ichukue mradi muuzaji amekubali kupunguza bei kwa sababu hiyo.

Kwa vipima mwanga vya mkononi, kanuni ni ileile. Gossen Lunasix 3 inataka PX625 mbili, kwa hiyo matatizo yote ya juu yanakuja maradufu. Lunasix F inatumia betri ya volti 9 ya kawaida, nunua hiyo. Sekonic L-308S inakula betri moja ya AA, na AA unaipata hata kwa mangi wa mtaani. Sekonic L-398 ya zamani na Weston Master ni za seleniamu: nzuri zikiwa hai, lakini seli ikichoka haichajiki. Kifaa chochote utakachochagua, kumbuka kwamba mita inayopima mwanga unaoakisiwa inataka kila kitu kiwe kijivu. Bwana harusi mweusi ndani ya kanzu nyeupe ataivuruga, na kuta za chokaa za Mji Mkongwe pia. Pima kiganja cha mkono wako kwenye mwanga uleule, kisha ongeza stopu moja. Kiganja kinafaa kwa watu wa rangi zote.

Dukani, fungua kifuniko cha betri kwa sarafu kabla hujagusa kitu kingine. Tazama ule mfuo wa sarafu: ukiona umechubuliwa kwa bisibisi, kuna mtu alipambana nao, na kwa kawaida watu hupambana pale chumvi ya betri inapokuwa imekigandisha kifuniko. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Unga mweupe kidogo unasafishika kwa pamba iliyoloweshwa siki, halafu spiriti. Ukijani uliopanda kwenye waya ni habari nyingine, kwa sababu kutu hiyo hutambaa hadi ndani kusikoonekana.

Kisha weka betri uliyokuja nayo mwenyewe. Linganisha kamera na programu ya kupima mwanga kwenye simu, ukilenga ukuta uleule usio na madoa, sehemu tatu: juani, kivulini, na ndani ya duka. Zikitofautiana kwa kiasi kilekile kote, unaweza kuishi nayo. Juani zikikubaliana na ndani zikaachana kwa stopu mbili, rudisha. Zungusha pia pete ya tundu la lenzi taratibu. Sindano inayoruka ruka badala ya kuteleza ina tatizo ndani.

Na hapa ndipo wauzaji wanaponichosha. Sindano ikicheza, wanaandika "mita nzima" na bei inapanda. Kucheza na kupima sawasawa ni vitu viwili. Wengine wanaandika "haijajaribiwa" kwenye kamera inayohitaji betri iliyopo kwa fundi saa wa mtaa wa pili, na bado wanataka bei ya iliyojaribiwa. Wanapiga picha lenzi kutoka kila upande na kuacha chumba cha betri. Mkiniletea tangazo niwape ushauri, mwombeni kwanza muuzaji picha ya chumba hicho kikiwa wazi, pamoja na maandishi ya betri iliyomo. Akikataa, msilipe hata kishika nafasi.